Maua ya Jumamosi

Ukitaka waridi la harusi ya Jumamosi, linunue Jumatano. Mama alinifundisha hivyo nikiwa bado shule ya msingi, nami nimewafundisha wengine wengi tangu hapo, kwa hiyo niruhusu nieleze polepole kabla sijafika kwenye harusi yenyewe. Usianze kwa kutazama rangi. Shika tumba kwa vidole viwili, pale chini linapokutana na kijiti, ulibonyeze kidogo kama unavyobonyeza parachichi sokoni. Likiwa gumu, bado lina siku tatu au nne mbele yake. Likibonyea, hilo ni la leo, labda na kesho, na ukilingoja hadi Jumamosi utakuwa unafagia petali badala ya kupamba. Zile petali mbili tatu za nje, zenye michubuko na ukijani, usizing'oe ukidhani zimeharibika. Zinalinda zilizo ndani. Utazitoa asubuhi ya harusi. Ukifika nyumbani kata vijiti mshazari, ondoa majani yote yatakayozama, tia kijiko cha sukari kwenye maji ya vuguvugu, kisha weka ndoo mahali pasipofika jua. Si kazi ngumu. Mtu yeyote anaweza kujifunza, hata yule anayesema mikono yake haipatani na maua. Kinachohitajika ni kuijua siku.

Mama aliijua siku. Kwa zaidi ya miaka ishirini ndiye aliyepamba kanisa letu hapa Eldoret, na kila Jumamosi ya harusi aliamka mapema kwenda kufunga mashada kwenye viti na kupanga vyungu mbele ya altare. Maharusi walikuja nyumbani kwetu kumwuliza, wakakaa kwenye kochi na simu zao zenye picha za maua ya ng'ambo, naye akawaambia bila kuwaudhi kwamba hilo halipatikani, lile litanyauka kabla ya hotuba, na hili hapa, la kawaida kabisa, ndilo litakalowapendeza. Wengi walimsikiliza.

Yeye mwenyewe hakuwahi kufunga ndoa kanisani. Hilo nalo linahitaji maelezo. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa kwa kina Mama huko magharibi, wazee walikula wakaridhika, na kwa mila zetu alikuwa mke kamili tangu kabla sijazaliwa. Lakini kanisa lina utaratibu wake, na katika utaratibu huo mtu anayeishi na mume bila ndoa ya kanisani hapokei komunyo. Kwa hiyo kila Jumapili, wakati ulipofika, benchi letu lote lilisimama na Mama akabaki ameketi. Aligeuza magoti yake upande ili watu wapite. Nilikua nikiyatazama magoti hayo. Alikuwa amepamba altare kwa mikono yake, na hapo ndipo safari yake ilipoishia.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtunza stoo katika kampuni moja ya mbao, mpole, mwenye utani wa chini chini, na hakuna kitu alichokichukia kama kutazamwa na watu; hata kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama alipomgusia habari ya harusi, alijibu, "Sisi tumeshaoana. Unataka nikuoe mara ngapi?" Akibanwa zaidi alisema watafanya baada ya mavuno, kwa sababu tuna kishamba kule Soy na kila mwaka kulikuwa na mahindi ya kuvuna. Mahindi yalivunwa. Mwaka uliofuata yalivunwa tena.

Kisha koo la Baba likaanza kukataa ugali, baadaye likakataa wali, na mwishowe akawa anaishi kwa uji mwembamba anaoumeza kwa kufumba macho. Ilikuwa saratani. Hospitali ilifanya ilichoweza, halafu wakaturudishia mgonjwa wetu pamoja na dawa za kutuliza maumivu. Daktari, kijana mwenye adabu, alinivuta pembeni kwenye korido akaniambia nihesabu wiki, nisihesabu miezi. Nilimshukuru. Sijui kwa nini huwa tunashukuru.

Alasiri moja mwishoni mwa Juni nilikuwa nimekaa nao chumbani. Mimi ni mwalimu huko Moiben na nilikuwa nimeomba ruhusa ya kuwa nyumbani. Baba alifungua macho akamwambia Mama, kwa ile sauti iliyobaki, ambayo ilikuwa kama mtu anayekwaruza meza:

"Nenda umwambie padre atuandike."

"Atuandike wapi?" Mama akauliza.

"Kwani watu wa harusi huandikwa wapi?"

Mama aliinuka akaenda jikoni, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Mara ya tatu alirudi na kitambaa akamfuta Baba mdomo, ingawa haukuwa na kitu. "Umesubiri mpaka nimezeeka," alimwambia.

"Hata mimi nimezeeka," Baba alisema. "Tunatoshana."

Wageni wa mambo haya wajue kwamba ndoa ya kanisani hutangazwa kwanza. Jumapili tatu mfululizo majina yenu yanasomwa mbele ya waumini wote, ili mwenye pingamizi aseme. Mama alikwenda kwa padre siku iliyofuata, akaandikisha, akachagua Jumamosi ya kwanza baada ya tangazo la tatu. Alirudi akitembea kama msichana. Nilimwuliza alichomweleza padre kuhusu hali ya Baba.

"Nimemwambia anaumwa umwa," alisema.

"Anaumwa umwa?"

"Si ni kweli?"

Nilimkalisha chini. Nilimrudia maneno ya daktari, neno kwa neno, kwa utaratibu ule ule ninaotumia darasani mtoto anapokataa kuelewa kwa makusudi. Nilimwambia mgonjwa wa namna hii padre anaweza kumfungisha ndoa nyumbani, kitandani, hata kesho, bila tangazo lolote. Mama aliniacha nimalize. Alikuwa anajua yote hayo. Alijua kuliko mimi.

Miaka miwili kabla yake, wazee wawili wa kanisa letu walifungishwa ndoa sebuleni kwao, bwana akiwa amelala kwenye godoro na mtungi wa oksijeni kando. Walimwita Mama kwa haraka alete maua. Hakukuwa na muda wa kununua, kwa hiyo alikata yaliyokuwa kwenye ua wa jirani na kuyafunga kwa uzi. Bwana yule alizikwa wiki hiyo hiyo. Baadaye, jikoni kwenye sherehe nyingine, akina mama wa kwaya walikuwa wakimenya viazi na mmoja akaiita harusi ile "harusi ya kitanda". Mwingine akasema maua yalikuwa ya kutumika mara mbili. Wote wakacheka.

"Na mimi nilicheka," Mama aliniambia. "Mimi ndiye nilisema hayo ya maua kutumika mara mbili."

Alikunja upindo wa kanga yake, akaukunjua.

"Sitaki waseme nimeolewa na kaburi," alisema. "Ataingia kwa mlango wa kanisa, hata kama ni kwa kiti cha magurudumu. Nitashika maua yaliyofunguka. Mara moja tu nipambiwe na mimi."

Ningeweza kwenda kwa padre peke yangu. Kanisa si mbali na nyumbani. Ninaandika hili kwa sababu watu huniambia nilifanya yote niliyoweza, na ni wema wao kusema hivyo.

Tangazo la kwanza likasomwa. Watu waligeuka kumtazama Mama. Wengine walipiga makofi, jambo ambalo si kawaida. Tangazo la pili likasomwa, na Baba akawa hawezi tena kuketi bila kuegemezwa. La tatu liliposomwa, mimi ndiye nilikuwa kanisani. Mama alibaki nyumbani kumgeuza ubavu. Nilirudi nikamwambia hakuna aliyeweka pingamizi. Baba alinong'ona, "Hawajui wanachokosa."

Kuhusu rangi, walikuwa wameshazungumza. Wenzake Mama walishauri rangi ya maziwa, kwa kuwa nyeupe ni ya msichana na nyekundu ni ya vijana wa mitandaoni. Mama akamwuliza bwana harusi.

"Nyekundu," Baba alisema. "Nyeupe siwezi kuiona vizuri. Nitadhani umeshika kitambaa cha meza."

Jumatano tulimwachia jirani mgonjwa, tukaenda kununua, mimi na Mama. Kule upande wa Kapseret kuna mama mmoja anayeuza waridi zilizokataliwa na mashamba makubwa: kijiti kifupi kidogo, au shingo iliyopinda, kasoro ambazo mtu wa kawaida hazioni. Anaziweka kwenye ndoo kando ya barabara, ndoo zile zile kwa kila mteja, na kitu cha kwanza anachokuuliza ni:

"Ni ya harusi ama ya matanga?"

Hamaanishi ubaya. Anahitaji kujua afunge vipi.

"Ya harusi," Mama alisema.

"Haya! Nani anaoa?"

"Mimi naolewa."

Yule mama alimtazama usoni, akatazama mvi zake chini ya kitambaa, akapiga kigelegele pale pale barabarani mpaka mwendesha boda boda akageuka. "Shosho umenikanyaga! Mimi bwana yangu ananiambia bado anafikiria, na tuko na watoto wanne! Mwambie huyo mzee wako akuje amfundishe."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu kumsikia akicheka hivyo, na ndiyo maana nimeyaandika maneno ya yule mama yalivyokuwa.

Kulikuwa na ndoo mbili za nyekundu. Katika moja, matumba yalikuwa yamefunga kabisa, membamba, yenye ncha. Katika nyingine maua yalikuwa yamefunguka, mapana kama vikombe, na harufu yake ilinifikia nikiwa nimesimama.

"Hii ni ya leo," muuzaji alisema akiigusa ndoo ya pili. "Nakuachia bei ya chini. Hii nyingine imefunga sana, Mama, na hii baridi ya Julai haisaidii. Chukua mchanganyiko."

"Harusi ni Jumamosi," Mama alisema. Alikuwa ameshainama kwenye ndoo ya kwanza, akibonyeza tumba moja moja, akirudisha, akichagua. "Nimefanya kazi hii miaka mingi. Jumamosi saa nne yatakuwa sawa."

Nilisimama nikiitazama ndoo ya leo. Asubuhi hiyo Baba alikuwa amepumua, akanyamaza, nikahesabu mpaka kumi na moja kabla hajapumua tena. Ilikuwa saa tano mchana. Tungeweza kununua maua yale, tupitie kwa padre, tufike nyumbani kabla ya saa nane. Harusi ingekuwa ya kitanda, na watu wangesema watakalosema. Maneno yalinifika mdomoni. Kisha nikamwona Mama ameshika tumba moja kwenye mwanga, akiligeuza, uso wake umetulia kama wa mtu anayesoma barua nzuri, na nikayameza.

Tulirudi na waridi hamsini zilizofunga.

Alhamisi Baba aliamka na nguvu kidogo, kama inavyotokea wakati mwingine. Akaomba kuyaona maua. Niliibeba ndoo kutoka verandani nikaiweka kwenye stuli karibu na kichwa chake.

"Mbona yamelala?" aliuliza.

"Yanasubiri Jumamosi, Baba."

Alinyoosha mkono, akabonyeza tumba moja kwa vidole viwili, vile vile kama Mama. Sikuwa najua kwamba na yeye alikuwa amejifunza. Miaka yote ile alikuwa akimtazama kumbe.

"Gumu kama mwiko," alisema. Halafu akaniangalia. Alikuwa akiniita mayi, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mayi, mwambie mama yako ayaamshe."

Nilimwambia. Mama alikuwa anapiga pasi koti la Baba, lile ambalo sasa lingetosha watu wawili wa mwili wake. Zipo njia za kulazimisha waridi, na yeye ndiye aliyenifundisha: maji ya moto kidogo, chumba chenye jiko, kulizungusha tumba kati ya viganja na kulipulizia katikati. Nilimwambia tuyafungue hata kumi, leo, tumwite padre jioni.

"Ua lililofunguliwa kwa nguvu linajulikana," alisema bila kuinua macho. "Kingo zake zinakuwa nyeusi. Ni siku mbili tu. Amekula uji leo, hukumwona?"

Nilikuwa nimemwona. Vijiko vitatu.

Ijumaa kulipokucha pumzi yake ilibadilika. Sitaieleza, waliowahi kuisikia wanaijua, na ambao hawajaisikia watapata muda wao. Mama alinitazama kutoka upande wa pili wa kitanda na akasema neno moja, "Padre." Nilipiga simu huku nikitoka nje. Padre hakuniuliza swali hata moja, alisema anakuja. Nilikwenda kusimama kwenye geti ili asipotee, kwa kuwa nyumba zetu zinafanana. Kulikuwa na baridi na ukungu, na watoto wa jirani walikuwa wakienda shule na masweta yao.

Alifika kabla ya nusu saa kuisha. Tulipoingia chumbani, Mama alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda na ndoo iko karibu yake. Alikuwa anafungua waridi. Analipulizia, analizungusha, anazivuta petali kwa kucha moja baada ya nyingine, naye ndiye aliyekuwa akiwakataza watu wasiziguse. Nyingine zilichanika. Sakafuni kulikuwa na vipande vyekundu na matumba matatu manne yaliyovunjika shingo. Lile alilofanikiwa kulifungua alikuwa ameliweka kwenye mkono wa Baba na kuufunga mkono juu yake, na kingo zake zilikuwa nyeusi kama alivyosema.

Baba alikuwa ameshaondoka.

Padre alimwombea. Alipomaliza, alivuta kiti akakaa karibu na Mama. Hakuwa na ukali wowote.

"Mama," alisema, "unajua ningekuja. Siku yoyote."

"Najua, Padre."

"Ulisema anaumwa kidogo."

"Najua nilichosema."

Basi. Nilichukua ufagio.

Jumamosi asubuhi, nyumba ikiwa imejaa watu wa matanga na viti vya kukodi vimefika uani, nilikwenda verandani kutafuta sufuria. Maua yalikuwa yamefunguka. Yote yaliyobaki, arobaini na kitu, mapana, mekundu, bila doa. Nilitazama simu yangu: ilikuwa inakaribia saa nne. Mama alikuwa amepatia kabisa.

Mama mmoja wa kwaya, mwenye moyo mzuri, alisema kwa upole tuyafunge shada la jeneza, yasiharibike bure. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akiwa amenyoosha miguu. Alimjibu bila hasira, "Hayo si ya matanga." Kwa hiyo yalikaa pale katika ndoo. Waombolezaji waliyapita wakienda kunawa mikono. Jumanne yalianza kuanguka, na hakuna aliyeruhusiwa kufagia. Tulipomzika Baba kule Soy, Jumamosi iliyofuata, jeneza lake lilikuwa na shada la maua ya plastiki lililoletwa na wafanyakazi wenzake wa zamani.

Padre ndiye aliyemzika. Tulikuwa tumehofia kwamba angekataa kumzika mtu asiyefunga ndoa kanisani, lakini hofu hiyo haikuwa na msingi. Sijui nani aliyetutia hofu hiyo, labda sisi wenyewe. Kitu kilichopotea kilikuwa kimoja tu, na hakikuwa mazishi.

Baadaye, pengine mwezi mmoja kupita, padre alikuja nyumbani kumwona Mama. Alimweleza, akitafuta maneno kwa uangalifu, kwamba sasa hana kizuizi tena. Alikuwa ameishi na mwanamume bila ndoa ya kanisani. Mwanamume huyo hayupo. Akiungama anaweza kurudi kwenye komunyo. Mama alimsikiliza, akamwongezea chai, akamshukuru.

Aliungama Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo kulikuwa na harusi, na alikuwa ameipamba mwenyewe. Alinunua maua Jumatano, yakiwa yamefunga, kama kawaida. Jumapili maua yale bado yalikuwa altareni, yakiwa katika uzuri wake wa mwisho. Wakati wa komunyo ulipofika benchi letu lilisimama, na Mama akaanza kugeuza magoti yake upande, kisha akakumbuka. Alisimama. Nilimfuata nyuma. Alitembea kwenye ujia wa katikati, ule ambao alikuwa ameufungia mashada mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, akapokea, akapita mbele ya waridi bila kuzitazama.

Tuliporudi kwenye benchi alifumba macho kwa muda. Nilidhani anasali. Kisha aliniinamia, akaniambia sikioni kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuambia amesahau ufunguo:

"Ningeendelea tu kukaa, bora yeye awepo."